Boti ya besi kati ya Lamu na Ziwa Viktoria

Swali: Ami, shikamoo. Mimi ni nahodha wa boti ya watalii hapa Shela, na marehemu baba yangu alikuwa mtu wa majahazi. Mgeni mmoja anayehama Malindi anauza boti ya kuvulia samaki wa besi, ya futi 18 na nusu, yenye mashine ya nguvu za farasi 150, ikiwa na trela yake. Anasema aliiagiza kutoka Marekani na haikuingia majini ila mara chache. Binamu yangu anaishi Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, na tumewaza kuitumia huko wakati wa kusi kwa wageni wanaotaka kuvua sangara, kisha kaskazi ikianza niirudishe Lamu. Je, inafaa? Huendeshwaje mawimbi yakiwa makubwa? Na nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako.

Nitaanza na lile linalogusa mfuko wako. Boti hiyo, ikiwa ni nzima, inunue kwa ajili ya ziwa, ipeleke Mbita na ikae huko mwaka mzima. Usiinunue kwa ajili ya Lamu, wala usiweke katika hesabu zako mpango wa kuirudisha pwani kila kaskazi inapoingia. Nayasema haya kwa kuwa nimefanya kazi ya boti na mashine hapa Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katikati ya miaka hiyo nilikaa misimu miwili upande wa Homa Bay nikihudumia boti mbili za aina hiyo hiyo. Nilizipenda. Niliona pia jinsi zinavyoweza kumtia mtu wa bahari hatarini kwa sababu ya mazoea yake ya baharini, na hilo ndilo nitakalolieleza kwa urefu.

Fahamu kwanza chombo hiki kilizaliwa kwa kazi gani. Besi wa mdomo mpana ni samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya Marekani, anayependa kujificha kwenye magugu na visiki karibu na ukingo, na ndiye yule aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Kumvua kunahitaji chombo kinachoingia kimya kwenye maji ya kina kifupi, kisichoshikwa sana na upepo, na chenye nafasi ya watu wawili kusimama na kurusha ndoano bila kugongana. Mwaka 1948 fundi mmoja wa Louisiana, Holmes Thurmond, alitengeneza boti nyembamba yenye omo, yaani sehemu ya mbele, bapa akaiita Skeeter, na watu wengi huihesabu kuwa mama wa boti hizi zote. Mashindano ya kuvua besi yaliposhika kasi mwishoni mwa miaka ya 1960, kila mshindani alitaka kuwa wa kwanza kufika kwenye maji mazuri, na kwa sababu hiyo mashine ziliendelea kukua hadi farasi 150, 200 na 250, huku chombo chenyewe kikibaki kifupi na cha chini vilevile.

Ukisimama kando ya boti hiyo ikiwa inaelea, utaona ukingo wake hauzidi sana goti lako. Sitaha ya omoni ni pana na tambarare kama baraza, haina ukuta wa kuzuia maji, na chini yake kuna masanduku ya vifaa ambayo vifuniko vyake vilitengenezwa kukinga mvua na rasharasha, si wimbi zima. Juu ya omo hulala mota ndogo ya umeme, inayoivuta boti polepole wakati wa kuvua. Tezini, yaani nyuma, kuna mashine yenye uzito wa kilo 200 na zaidi, betri tatu au nne, mafuta, na matangi ya kuhifadhi samaki wakiwa hai. Mashua ya Lamu ilichongwa na watu waliojua kwamba italazimika kulipanda wimbi, na ndiyo maana omo yake imeinuka; boti ya besi ilichongwa kwa ajili ya kukimbia juu ya maji tulivu, na ikiendeshwa vibaya hulichimba wimbi badala ya kulipanda.

Ndani ya mlango wa Lamu, kati ya Shela na mjini, au ukikata mfereji wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, itakwenda vizuri na wageni watafurahi. Lakini wageni wa kuvua hawatakulipa ili wazunguke mlangoni. Watataka kutoka nje, na wewe wajua kuliko mimi jinsi bahari inavyosimama pale nje ya Shela maji yanapotoka huku upepo ukiingia. Sitampeleka mtu pale na ukingo wa urefu wa goti, hata kaskazi ikiwa imetulia, kwa kuwa utulivu wa asubuhi si ahadi ya alasiri.

Jambo la pili ni chumvi. Faiba yenyewe haiogopi chumvi, lakini boti ya maji baridi imejaa vitu vinavyoiogopa: viunganishi vya nyaya visivyozibwa, pampu ndogo za matangi, mota ya umeme ya omoni ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa maji baridi tu, na trela ya chuma kilichopakwa rangi. Hata vile vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mashine ili viliwe na kutu badala yake hutofautiana: zinki ni ya baharini na magnesi ni ya maji baridi. Magnesi ukiiingiza baharini huliwa haraka mno, na zinki ukiiacha ziwani hujivika ganda ikaacha kufanya kazi, usijue mpaka uone mguu wa mashine umetoboka. Kwa boti inayokaa ziwani, funga magnesi. Na kwa kuwa hii ilikuwa Malindi, hicho ni kitu cha kwanza cha kubadilisha.

Kisha kuna barabara. Kutoka Malindi hadi kando ya ziwa, kupitia Mombasa na Nairobi, ni karibu kilomita 950, na safari moja inatosha. Kabla ya kuondoka fungua beringi za magurudumu ya trela, zioshe na uzitie grisi mpya, maana beringi iliyowahi kuzama katika maji ya chumvi huwa imeoza kwa ndani hata kama gurudumu linazunguka kimya. Njiani, kila mnaposimama, weka kiganja juu ya kitovu cha gurudumu. Kikiwa na joto la kikombe cha chai, endeleeni. Kikiwa hakishikiki, msiendelee hata kilomita moja.

Sasa twende ziwani. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, zaidi ya mara mbili ya ziwa la Erie ambalo wavuvi wa besi wa Marekani huliogopa kwa mawimbi yake, na wastani wa kina chake ni kama mita 40 tu. Katika Ghuba ya Winam, ambamo binamu yako yumo, sehemu kubwa haifiki hata mita 20. Upepo unapopuliza juu ya maji mapana yasiyo na kina, wimbi hukua kwa haraka na husimama wima, na umbali wa kutoka wimbi moja hadi jingine huwa mfupi. Wewe umezoea mawimbi marefu ya bahari kuu ambayo chombo hupata nafasi ya kushuka, kupumua na kupanda tena. Ziwani, wimbi la mita moja linaweza kuwa baya kuliko la mita mbili la nje ya Manda, kwa sababu kabla omo haijainuka kutoka la kwanza, la pili limeshafika.

Hakuna bamvua wala maji mafu huko, na hakuna mkondo wa kujaa na kutoka wa kukupa saa ya kwenda na saa ya kurudi. Saa yako itakuwa ni upepo. Katika ghuba, asubuhi upepo hutoka nchi kavu, upande wa mashariki, na maji huwa laini. Kadiri jua linavyopanda hunyamaza. Kisha mchana huanza kuingia upepo wa ziwa kutoka magharibi, na alasiri huweza kuwa mkali sana. Usiku mambo hugeuka, na mara nyingi mvua za radi huzaliwa juu ya ziwa lenyewe na kuendelea hadi alfajiri. Kwa hiyo panga kuondoka kunapopambazuka, baada ya kulitazama anga la magharibi, na kuwa umerudi kabla ya saa saba mchana. Mgeni akikuomba saa moja zaidi kwa sababu samaki wameanza kula, mwambie hapana kwa adabu. Binamu yako na wavuvi wa Mbita watakuwa walimu wako katika hili. Wao huuona upepo ukija kwa mstari mweusi juu ya maji wakati wewe bado unauona mchana mzuri.

Nikueleze lililonipata, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Tulitoka Mbita saa nane mchana, watu watatu, tukirejea Homa Bay, upepo wa magharibi ukiwa nyuma yetu. Boti yenye upepo nyuma hudanganya, kwa sababu huwezi kuhisi baridi wala rasharasha, nayo inateleza kama imepakwa mafuta. Nikaongeza mwendo. Tukalipita wimbi moja, omo ikashuka kwenye bonde lililo mbele yake, na haikuinuka. Iliingia moja kwa moja kwenye mgongo wa wimbi lililofuata. Maji yalipita juu ya sitaha yakiwa mazima, rangi ya chai ya maziwa, yakanipiga kifuani, yakainua vifuniko viwili vya masanduku ya mbele, na tulipofumbua macho visanduku vya chambo vilikuwa vinaelea mbele ya miguu yetu na maji yalikuwa yamefika katikati ya muundi. Usukani ulikuwa mzito, omo ilikuwa imelala. Kama ningeachia mafuta ghafla, maji yote yale yangekimbilia mbele na wimbi letu wenyewe la nyuma lingepanda juu ya tezi. Nilibonyeza kitufe cha kuinua mashine kwa kidole gumba, nikaongeza mafuta kidogo kidogo, na maji yakaanza kurudi nyuma kuelekea pampu. Wazee walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na siku hiyo niliyaona kwa macho yangu: yaliyoingia kwa omo na yaliyoingia kwa tezi yote yalikutana ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, na pampu moja ilihitaji zaidi ya robo saa kuyatoa. Tangu hapo sikuitoa boti ya namna hiyo bila pampu mbili, kila moja ikiwa na swichi na nyaya zake.

Kutokana na hilo utaelewa kwa nini nasema mawimbi ya nyuma ndiyo ya kuogopwa zaidi. Unapokwenda nayo, kaa juu ya mgongo wa wimbi moja na uende kwa mwendo wake, omo ikiwa imeinuliwa kwa kuisukuma mashine nje kidogo, yaani kuinamisha mguu wake mbali na tezi. Usilipite wimbi hilo ukaangukia bondeni, na usizubae nyuma yake hadi lile linalokufuata likakupanda tezini, ambako boti hizi zimechongwa chini zaidi ili mashine ikae. Mkono, au mguu, hauondoki kwenye mafuta hata dakika moja. Boti nyingi za aina hii huwekewa pedali ya mafuta sakafuni kama ya gari, na kama hiyo unayoitazama haina, ningekushauri uiweke, kwa kuwa katika mawimbi mikono yote miwili inahitajika kwenye usukani.

Mawimbi ya mbele hupiga zaidi, lakini hukuonya. Yakiwa madogo, vuta mashine ndani ili omo ishuke na ile sehemu kali ya chini ikate maji, na upunguze mwendo hadi ule unaotosha tu kuibakiza boti juu. Wengi huendelea na mbinu hiyo hiyo mawimbi yanapokua, na ni makosa, kwa sababu omo iliyoshushwa sasa inakuwa jembe. Yakifikia kimo cha ukingo wa boti yako, shuka kabisa kutoka katika mwendo wa kuteleza juu ya maji, inua omo, na uliendee kila wimbi peke yake: ongeza mafuta omo inapokutana nalo ili ipande, punguza unapokaribia kileleni ili usirushwe hewani, kisha ongeza tena kidogo kabla ya kufika bondeni ili omo isichimbe. Ni kazi ya kuchosha, na kilomita kumi zinaweza kukuchukua saa nzima na zaidi. Ikubali saa hiyo, na waeleze wageni mapema ili asiwepo wa kukuharakisha.

Mawimbi ya ubavuni yanajulikana na kila mtu wa tanga. Usiyakabili kwa ubavu. Nenda kwa pembe, kama chombo kinachobisha, ukiyapokea kwenye shavu la omo kwa mwendo mrefu, kisha ugeuke uyapokee kwenye pembe ya tezi hadi ufike unakotaka. Wakati wa kugeuka ngoja, maana mawimbi makubwa huja machache yakifuatana, kisha hupatikana mwanya. Geuka ndani ya mwanya huo, kwa mafuta ya kutosha, bila kusitasita katikati.

Kabla ya yote hayo, ukiwa bado kwenye maji tulivu, hamisha uzito. Mwaga maji ya tangi la samaki lililo mbele kama lipo, toa nanga na mizigo ya omoni uirudishe katikati, na uifunge mota ya umeme kwa mkanda imara, kwa sababu ikifunguka katika mawimbi huwa kama rungu. Wageni wasikae kwenye viti virefu vya sitahani boti ikiwa katika mwendo. Viti hivyo ni vya kuvulia tu. Na usitie nanga kwa tezi, hata kwa dakika tano, hata ziwa likiwa kama kioo.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani hawezi kulifikiria kwa sababu maisha yake yote yamepita usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko mita zipatazo 1,135 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi, na mashine hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Farasi wako 150 watakuwa kama 133. Propela iliyochaguliwa kwa Malindi itakuwa nzito kwa mashine hiyo: boti itakawia kuinuka, itaburuza tezi na kunywa mafuta, na mzunguko wa mashine hautafika kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa mashine nyingi za ukubwa huo huwa kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Dawa yake si kufungua mashine. Badilisha propela, uchukue yenye mwinuko mdogo, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja au mbili. Kila inchi hukurudishia mizunguko kama 150 hadi 200. Siku ukienda nayo Naivasha, ambako ni zaidi ya mita 1,880, utahisi upungufu huo zaidi ya mara moja na nusu, na utahitaji propela nyepesi zaidi. Maji baridi nayo hayabebi kama ya chumvi, hivyo boti itazama kidogo zaidi kuliko ilivyozama hapa. Ni kitu kidogo, lakini kwenye ukingo wa goti kila kidole kina thamani.

Kuhusu mafuta, mashine ya farasi 150 ikifunguliwa yote inaweza kunywa karibu lita 55 kwa saa, na kwa mwendo wa wastani hushuka hadi chini ya nusu ya hapo. Gawa tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi usiyoigusa, kwa sababu ile safari ya saa nzima ya kukabili mawimbi ya mbele niliyokueleza haikuwemo katika hesabu yako ya asubuhi.

Gugu maji utalikuta likiwa limetanda, leo hapa na kesho kule kufuatana na upepo. Usilipite kwa mwendo, maana huziba tundu la kuvutia maji ya kupooza mashine. Tazama kila mara kamshipi ka maji kanakotoka ubavuni mwa mashine. Kakipungua, zima, inua mguu na usafishe kwa mkono. Nyavu za wavuvi huwa na maboya madogo, pengine chupa za plastiki tu, na kuzikata ni kumkata mtu riziki yake, kwa hiyo asubuhi kukiwa na giza nenda polepole.

Kwa upande wa usalama, kamba ya kuzimia mashine ifungwe mwilini mwako kila mashine inapowaka. Boti hizi zina kasi na ukingo wake ni mdogo. Nahodha akirushwa nje, boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia. Marekani wameona umuhimu wake hata wakaifanya sharti la kisheria kwa boti za chini ya futi 26 kuanzia Aprili 2021. Majaketi ya kuokolea yavaliwe, yasikae sandukuni. Na kwa kuwa utabeba watu kwa malipo, chombo chako lazima kikaguliwe na kupewa cheti na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na hilo hufanyika kabla ya mgeni wa kwanza kupanda.

Kuhusu ukaguzi, anza na namba. Boti iliyotengenezwa Marekani huwa na namba ya herufi na tarakimu 12 upande wa kulia wa tezi. Tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, na mbili za mwisho ni mwaka wa muundo. Ilinganishe na karatasi za muuzaji na za forodha. Karibu na usukani utafute kibao kinachoonyesha idadi ya watu, uzito na nguvu ya juu kabisa ya mashine inayoruhusiwa, na uone kama 150 imo ndani ya kiwango hicho. Boti za mashine ya nje zilizo chini ya futi 20 hulazimishwa na sheria ya huko kuwa na povu la kuelea la kutosha kuiweka boti usawa hata ikijaa maji, na yako imo katika kundi hilo. Lakini povu la zamani huweza kunyonya maji. Boti ikiwa nzito kuliko inavyopaswa juu ya trela, hiyo ndiyo sababu ya kwanza kuishuku. Ipitishe kwenye mizani ukiweza.

Kisha nenda kwenye ubao wa tezi unaobeba mashine, kwa maana huo ndio moyo wa boti. Katika boti za zamani ndani ya faiba kuna mbao, na mbao hizo huoza kimyakimya. Gonga kwa nyundo ndogo ya mbao kuanzia pembe hadi pembe: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti ya tikiti lililoiva kupita kiasi. Halafu inua mashine nusu, ushike sehemu yake ya chini na uikandamize kwa uzito wako huku mwenzako akitazama ubao. Ukicheza au kufungua nyufa, iache. Fungua skrubu moja ya chini, na ikitoka na maji ya kahawia, iache vilevile. Kubadilisha ubao huo kunaweza kugharimu karibu sawa na boti yenyewe, na ziwani hutapata raha ya moyo ukijua kilo 200 zimening'inia juu ya mbao laini.

Kwa mashine, pima mgandamizo wa kila silinda, na tofauti baina yao isizidi asilimia 10. Legeza skrubu ya mafuta ya gia: yakiwa safi ni heri, yakiwa meupe kama maziwa maji yameingia na sili zimekufa. Muuzaji anaposema boti haikutumika mara nyingi, usiichukulie kuwa sifa peke yake. Mashine iliyokaa miaka hapa Malindi na chumvi ndani ya njia zake za kupooza, bila kusafishwa kwa maji baridi, huwa mbaya kuliko iliyotumika kila wiki na kuoshwa. Petroli ya zamani ndani ya tangi imwagwe yote, na mipira ya mafuta ibadilishwe bila kuuliza umri wake.

Mwisho, mwombe aishushe majini ukiwepo. Chagua asubuhi ya mapema, maji yakiwa yamejaa na upepo haujaamka, mkae ndani ya miamba, na umpe siku moja ya kujitayarisha ili asiwe na udhuru. Kabla haijashuka, wewe mwenyewe inama ukaifunge parafujo ya kizibo cha ngamani. Nimeona boti nzuri ikizama palepale gatini kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amekifunga. Ikiwa majini, inua na ushushe mashine mara kadhaa, iendeshe kwa saa nzima kwa mwendo tofauti, igeuze kushoto na kulia, na utazame geji ya joto kuliko utakavyotazama ya kasi. Ikisharudi juu ya trela, weka ndoo chini ya tezi na ufungue kile kizibo. Vikombe viwili vitatu si neno. Ndoo ikijaa, usitoe fedha mpaka mmegundua pamoja maji hayo yaliingilia wapi.